Kabla Hujabishana Kibandani: Namna ya Kujua Timu Iliyopanda na Iliyoshuka Baada ya Usajili

Agosti ikifika hakuna timu mbovu. Kila klabu imesajili vizuri, kila kocha ametoka kambini akitabasamu, kila shabiki ana sababu zake kwa nini mwaka huu ni wao. Kaa kwenye benchi la kibanda chochote Bwera jioni ya Jumamosi, jenereta ikinguruma nje, utaambiwa Arsenal imekamilika, Chelsea imekamilika, United imekamilika, na muuza vitenge aliyevuka kutoka Kasindi atakwambia Yanga ilikamilika tangu Julai. Haiwezekani wote wakawa wakweli. Ligi Kuu ya Uingereza ina nafasi 20, ya Tanzania 16, ya Uganda 16. Atakayepanda atapanda kwa kumshusha mwenzake.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kubishana akiwa na kitu mkononi. Huhitaji kompyuta wala kulipia takwimu za watu. Tafuta daftari, kalamu mbili za rangi tofauti, na simu yenye bando kidogo. Kisha kubali jambo moja ambalo mashabiki wengi hawapendi kulisikia: usajili haupimwi kwa majina yaliyoingia. Unapimwa kwa kazi zilizobaki bila mtu.

Sisi wa Kasese na Bwera tuna nafasi nzuri ya kuifanya kazi hii, pengine kuliko mtu wa Kampala. Vibanda vinatuletea Uingereza, Azam TV inatuletea Simba na Yanga, redio zinatuletea Ligi Kuu ya nyumbani, na ng'ambo ya mto Lhubiriha kuna watu wanaoijua ligi ya Kongo kwa undani, si TP Mazembe peke yake. Ukisikia klabu ya Dar es Salaam au Kampala imemchukua winga kutoka Kindu au Lubumbashi, usingoje gazeti. Nenda Mpondwe siku ya soko, uliza. Atapatikana mtu wa kukwambia kama huyo winga anakimbia au anatembea.

Anza na walioondoka

Habari za usajili huja zimepambwa upande mmoja. Anayeingia hupigwa picha ameshika jezi, hutengenezewa video, na jina lake hurudiwa redioni siku nzima. Anayetoka hupewa mkono wa kwaheri kwa mistari miwili. Ukiufuata mkondo huo utajua sana kilichoongezwa na hutajua kilichopungua. Kwa hiyo fungua ukurasa mpya, andika jina la timu juu, chora safu tatu. Ya kwanza ni kazi iliyoondoka. Ya pili, aliyekuwa akiifanya. Ya tatu, atakayeifanya sasa.

Safu ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo yenye faida. Chukua Leicester City. Msimu wa 2015–16 ilishangaza dunia kwa kutwaa ubingwa wa Uingereza. Katikati ya mwaka 2016 ikamuuza N'Golo Kanté kwa Chelsea, ikabaki na Jamie Vardy na Riyad Mahrez, ikaingiza washambuliaji wa bei kubwa, Ahmed Musa na Islam Slimani. Kwa majina, timu iliongezeka. Lakini kwenye daftari usingeandika "Kanté" halafu ukatafuta jina lingine la kuweka mbele yake. Ungeandika: kunyang'anya mpira katikati, kuziba nafasi pale mabeki wa pembeni wanapopanda, kuanzisha shambulizi la haraka kabla adui hajajipanga. Kazi tatu, mtu mmoja, na waliokuja walikuwa wafungaji. Leicester ilimaliza ya 12, na kocha Claudio Ranieri akafukuzwa Februari 2017, miezi tisa tu baada ya kubeba kombe. Chelsea, iliyokuwa imemaliza ya 10, ikawa bingwa. Bila shaka Chelsea ilipata na kocha mpya, Antonio Conte, na nitarudi kwenye makocha. Ila hakuna mtu aliyeitazama timu ile wiki baada ya wiki asiyejua nani alikuwa akiufuata mpira uwanja mzima.

Usijaze ukurasa kwa kila aliyeachwa. Klabu ya Uganda inaweza kutangaza kuachana na wachezaji kumi kwa siku moja na isipungukiwe na kitu, kwa sababu wengi wao walikuwa benchi au jukwaani. Hesabu wale 13 au 14 waliocheza zaidi, basi. Kwa timu za Uingereza, dakika za kila mchezaji zinapatikana bure kwenye simu. Kwa ligi zetu utalazimika kufanya kwa mkono: klabu huweka kikosi cha kuanza kwenye kurasa zao kabla ya mechi, hivyo rudi nyuma kwenye mechi 10 za mwisho wa msimu, uweke alama kila jina linapojitokeza. Ni kazi ya nusu saa kwa timu moja, na utaona majina uliyodhani ni nguzo kumbe yalianza mara tatu.

Ukimaliza, kagua uti wa mgongo: kipa, beki wa kati anayewapanga wenzake, namba sita na namba tisa. Timu iliyopoteza wawili kati ya hao wanne iwekee alama ya kushuka kwa wino mwekundu, mpaka safu ya tatu ikushawishi vingine. Winga akiondoka usikose usingizi. Mawinga wapo.

Yanga ya 2023, mstari kwa mstari

Hapa tukae kidogo, maana mfano huu una karibu kila kitu.

Juni 2023 Yanga ilikuwa imetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Kisha mambo yakafuatana. Kocha Nasreddine Nabi akaondoka. Feisal Salum, baada ya mgogoro mrefu wa mkataba, akaenda Azam. Fiston Mayele, Mkongo aliyefunga mabao 17 kwenye ligi na kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho, akauzwa Pyramids ya Misri. Kocha, kiungo wa taifa na namba tisa, wote ndani ya kipindi kimoja. Watani walisherehekea kama wamechukua kombe.

Sasa jaza daftari. Kazi ya kwanza: kufunga mabao. Aliyeifanya: Mayele. Atakayeifanya: hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu wanatafuta namba tisa mpya na kuishia hapo. Namba tisa mpya alikuwepo, Hafiz Konkoni kutoka Ghana, na hakufua dafu. Alishaondoka kabla msimu haujaisha. Ukipima jina kwa jina, Mayele kwa Konkoni, Yanga imeporomoka. Lakini umeandika kazi, si jina, na kazi ya kufunga inaweza kugawanywa. Stephane Aziz Ki alikuwa klabuni tangu 2022. Pacome Zouzoua alikuja kutoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Maxi Nzengeli alikuja kutoka Maniema Union ya Kindu, na anayefuata ligi ya Kongo alimjua kabla Dar es Salaam haijazoea kulitamka jina lake. Mudathir Yahya alikuwa na tabia ya kuingia ndani ya boksi akitokea nyuma. Watu wanne wanaofunga wakitokea katikati na pembeni.

Kazi ya pili: kuilinda safu ya ulinzi pale katikati. Aliyeifanya: Khalid Aucho, Mganda mwenzetu. Atakayeifanya: Aucho huyohuyo. Kazi ya tatu: golini. Djigui Diarra, hajaenda popote. Mabeki wa kati, Dickson Job, Ibrahim Hamad "Bacca" na Bakari Mwamnyeto, wote wapo. Ukitazama uti wa mgongo, watatu kati ya wanne wamebaki, na kazi ya wa nne ina wagombea wanne.

Kilichobaki kuwa kitendawili ni kocha mpya, Miguel Gamondi kutoka Argentina. Ungeandika alama ya kuuliza, na ingekuwa haki. Lakini kwa daftari hili usingesema Yanga imekufa, kama wengi walivyosema. Tarehe 5 Novemba 2023 iliifunga Simba mabao 5–1. Aziz Ki alimaliza mfungaji bora kwa mabao 21, Yanga ikachukua ubingwa kwa pointi 80, na kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ilifika robo fainali, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti.

Mayele naye hakuharibikiwa. Mwaka 2025 alikuwa sehemu ya kikosi cha Pyramids kilichobeba Ligi ya Mabingwa Afrika. Aliyeuza na aliyenunua wote walipata, jambo ambalo hesabu za kibandani haziruhusu.

Kocha naye ni usajili

Vipers walikuwa mabingwa wa Uganda msimu wa 2021–22. Kabla ya msimu uliofuata walimpoteza Cesar Manzoki, mfungaji bora wa ligi, aliyehusishwa sana na Simba akaishia Dalian, China. Kwa kanuni ya uti wa mgongo, huyo ni mmoja kati ya wanne. Hata hivyo Oktoba 2022, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Vipers ilikwenda sare ya 0–0 na TP Mazembe nyumbani na ugenini, kisha ikaitoa kwa penalti 4–2. Upande wa pili wa mpaka ile haikusahaulika upesi. Timu iliyokosa mfungaji ilikuwa na mpangilio, na mpangilio ni wa kocha: Roberto Oliveira, Mbrazili anayejulikana zaidi kwa jina la Robertinho.

Januari 2023 Simba ikamchukua. Mchezaji wa Vipers aliyekwenda naye hakuwepo hata mmoja wa kuumiza, kwa hiyo wanaohesabu wachezaji hawakuona upungufu. Kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa, Vipers na Simba zilipangwa pamoja. Simba ya Robertinho ikaifunga Vipers 1–0 Uganda, ikaifunga 1–0 Dar es Salaam. Vipers ilimaliza mkiani kwa pointi 2 na bao 1.

Na bado Vipers ilimaliza msimu huo bingwa wa Uganda. Hili liandike pembeni kwa herufi kubwa, kwa sababu linakuzuia kusema ovyo "timu imeshuka." Imeshuka mbele ya nani? Kikosi kinaweza kupungua kiasi cha kuzidiwa na Raja Casablanca ya kundi hilohilo na bado kikawa kirefu kuliko vyote nyumbani. Ukitoa hukumu, taja na shindano.

Kwa kocha mpya uliza mambo mawili tu. Je, amekuja na wasaidizi wake au amepewa benchi la ufundi la mtu mwingine? Na je, anacheza mfumo ambao wachezaji waliopo wanauweza? Kocha wa mabeki watatu akipewa klabu yenye mawinga watano na mabeki wa kati wawili, huhitaji mganga.

Jedwali la mwaka jana linaficha mambo

Nafasi ambayo timu ilimaliza haisemi yote kuhusu ubora wake. Kabla hujapima usajili, tazama mabao ya kufunga na ya kufungwa. Manchester United msimu wa 2023–24 ilimaliza ya 8 kwa pointi 60, ikachukua Kombe la FA, mashabiki wakasema mwaka ujao ni wetu, na kocha Erik ten Hag akabakizwa. Lakini kwenye ligi ilikuwa imefunga mabao 57 na kufungwa 58. Timu inayofungwa zaidi ya inavyofunga na ikamaliza ya 8 imeshinda mechi nyingi kwa bao moja na kupigwa vibaya inapopoteza. Bahati ya namna hiyo mara nyingi hairudi msimu wa pili. Ten Hag alifukuzwa Oktoba 2024, na timu ikamaliza ya 15 kwa pointi 42.

Kanuni hiyo inafanya kazi pande zote mbili. Aliyemaliza chini kuliko uwezo wake ana pa kupandia hata bila kununua mtu. United ilipowaleta Matheus Cunha, Bryan Mbeumo na Benjamin Šeško mwaka 2025, mabishano ya kibandani yalikuwa ya namna hii:

"Mzee, washambuliaji watatu! Utasema nini sasa?"

"Mwanangu, na wa kuwapelekea mpira wamemnunua?"

Mzee ana hoja, safu ya tatu ya kiungo ilikuwa tupu. Lakini kijana naye angeweza kujibu vizuri kuliko alivyojibu: timu iliyomaliza ya 15, isiyo na mashindano ya Ulaya, inapata wiki nzima ya mazoezi kati ya mechi na mechi. Hilo peke yake lina pointi ndani yake.

Fedha, umri, kalenda

Fedha nyingi ni habari, si ushahidi. Mwaka 2013 Tottenham ilimuuza Gareth Bale kwa Real Madrid na kuleta wachezaji saba. Msimu uliotangulia ilimaliza ya 5 kwa pointi 72. Ikamaliza ya 6 kwa pointi 69. Kati ya saba wale, aliyedumu kama nguzo ni Christian Eriksen, ambaye hakuwa ghali kuliko wenzake. Liverpool mwaka 2024 ilimwingiza mchezaji mmoja tu kwenye kikosi, Federico Chiesa, na kocha mpya Arne Slot, ikawa bingwa. Mwaka uliofuata ilitumia zaidi ya pauni milioni 400 kwa kina Florian Wirtz, Alexander Isak na Hugo Ekitike, na kufikia mwisho wa Oktoba 2025 ilikuwa imepoteza mechi nne za ligi mfululizo. Walioondoka ni Trent Alexander-Arnold, Luis Díaz na Darwin Núñez, na mwezi Julai ilimpoteza Diogo Jota katika ajali ya gari, msiba ambao hauna safu katika daftari la mtu yeyote. Wachezaji wengi wapya wanahitaji muda wa kujuana, hata wakiwa bora wote. Kanuni yangu: wapya wanaoanza wakizidi wanne, toa pointi kwenye mechi 10 za kwanza, kisha uwe tayari kuzirudisha.

Umri ni rahisi kuuhesabu na watu hawauhesabu. Julai 2024 Clatous Chama alihama Simba kwenda Yanga, na kwa kelele zilizopigwa ungedhani ligi imeshaamuliwa. Chama ana kipaji, hakuna ubishi, lakini alikuwa na miaka 33. Simba iliyomaliza ya tatu ilifumua kikosi, ikaleta vijana, akiwemo Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast na Mganda Steven Mukwala kutoka Asante Kotoko. Ahoua alimaliza mfungaji bora kwa mabao 16. Simba ilipanda kutoka pointi 69 hadi 78 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na RS Berkane. Yanga ilitoka 80 ikafika 82 na kubaki bingwa.

Sasa nani alishinda dirisha lile? Hapa ndipo mabishano mengi yanapovurugika, kwa sababu mmoja anajibu swali la nani bora na mwingine anajibu swali la nani amepanda. Yanga ilikuwa bora. Simba ndiyo iliyopanda. Yote mawili ni kweli na hakuna haja ya kurushiana chupa. Kabla hujafungua mdomo, mwambie mwenzako unajibu swali lipi.

Kalenda ni ya haraka. Agosti 2025 michuano ya CHAN ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda, hapohapo ambapo klabu zilipaswa kuwa kambini. Klabu iliyotoa wachezaji watano kwa Cranes iliwapokea wakiwa wamechoka na hawajafanya mazoezi na wapya. Desemba ikaja AFCON nchini Morocco. Na ukifuzu mashindano ya CAF kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, safari zinakula kikosi kifupi. SC Villa ilibeba ubingwa wa Uganda mwaka 2024 baada ya kuusubiri miaka 20, na Afrika ikatolewa hatua ya awali na CBE ya Ethiopia. CBE hao walikwenda kufungwa 6–0 na Yanga raundi iliyofuata. Hivyo ndivyo ngazi zilivyo mbali.

Mechi za kirafiki? Matokeo yake yatupe. Tazama tu nani anaanza na nani, na nani amewekwa kucheza mahali ambapo mwaka jana hakucheza. Tetesi nazo zina ngazi. Neno la wakala ni hewa. Picha kwenye ukurasa wa klabu ni nusu ya safari. Jina kwenye orodha ya waliosajiliwa na shirikisho ndilo la kuandikwa kwa wino, na anayetoka nje ya nchi hachezi mpaka hati yake ya uhamisho wa kimataifa ifike. Kabla ya hapo tumia penseli.

Timu ya uwanja wa karibu

Kila kitu hapo juu kinahusu timu unazoziona kwenye skrini. Timu inayocheza Nyakasanga mjini Kasese, au ile ya kijijini kwenu huko Bwera, ina dirisha la aina yake, na hakuna mtangazaji atakayekueleza.

Huku, dirisha kubwa ni shule. Muhula wa kwanza unapoanza mwezi Februari, vijana wenye kipaji huchukuliwa na shule zinazotoa bursari za michezo, na wakishakwenda Kampala au Wakiso hawarudi ila likizo. Njia hiyo ndiyo inayolisha soka ya Uganda: shule ya St. Mary's Kitende na klabu ya Vipers zote ni za Lawrence Mulindwa, na hakuna anayeshangaa kumwona mwanafunzi wa leo kwenye jezi ya Vipers kesho. Kwa hiyo, Januari, uliza wangapi kati ya 11 wa kwanza bado ni wanafunzi. Timu ya vijana wa sekondari iliyotamba Desemba inaweza kuwa imevunjika Machi bila mtu kutangaza chochote. Timu ya waendesha boda boda na mafundi, inayoonekana nzito na ya kizamani, itakuwa palepale.

Dirisha la pili ni mfadhili. Timu nyingi za ligi za chini zinasimama juu ya mfuko wa mtu mmoja, mfanyabiashara au mwanasiasa. Mwaka wa uchaguzi jezi mpya zinapatikana kila kona. Uchaguzi ukipita, usiulize jezi. Uliza nani analipia gari la kwenda mechi za ugenini na nani ananunua maji. Timu inayofika uwanjani kwa makundi matatu, kila kundi kwa usafiri wake, nusu saa baada ya mwamuzi, imeshuka tayari hata kama ina mfungaji bora wa wilaya.

La tatu ni msimu wa kahawa. Kwenye miteremko ya Rwenzori mchezaji mwenye shamba la familia hatakuja mazoezini kahawa ikiiva, na sioni kwa nini alaumiwe. Kocha mwenye akili anajua nyumba za wachezaji wake zinavuna lini, na hupanga mechi ngumu za kirafiki wakati mwingine.

Lini ufungue daftari tena

Andika hukumu yako kabla ya mechi ya kwanza, na uweke tarehe. Timu tano zinatosha. Anayedai kuzipima zote 20 anazipima kwa majina. Kila timu ipe mstari mmoja tu: imepanda, imeshuka au imebaki, kwa sababu gani moja kuu, na katika shindano gani. Mpe mwenzako asiyekubaliana nawe aweke sahihi yake chini. Hii ndiyo dawa pekee ya ugonjwa wa kibandani wa "mimi nilisema."

Usiuguse ukurasa mpaka mechi ya 10. Mechi tatu za kwanza zinadanganya, kwa kuwa ratiba haigawi wapinzani sawa: aliyeanza na timu tatu zilizopanda daraja ataonekana simba wa nyika. Mechi ya 10 ikifika, linganisha pointi na zile timu hiyohiyo ilizokuwa nazo baada ya mechi 10 msimu uliopita, kisha linganisha mabao. Pointi zikionekana nzuri lakini tofauti ya mabao ikiwa mbaya, tumekwishaona United ilifika wapi.

Na kama unabeti, ujue kwamba kampuni ya kubeti imesoma habari zilezile ulizosoma wewe, tena mapema. Kishawishi kikubwa kiko Agosti, wakati kila mtu ana matumaini na hakuna mwenye ushahidi. Ukishindwa kujizuia, jizuie angalau mpaka mechi ya sita.

Januari dirisha dogo likifunguliwa, geuza ukurasa uanze upya, lakini badili mpangilio kidogo. Katikati ya msimu klabu haijengi, inaziba. Kwa hiyo anza na safu ya tatu: tazama ni kazi ipi ilibaki tupu tangu Agosti, halafu uone kama aliyeletwa anaifanya hiyo au ameletwa kwa sababu alikuwa anapatikana. Klabu iliyomleta mshambuliaji wa nne huku namba sita yake ikiwa mgonjwa tangu Oktoba usiipe hata mstari mzima. Iwekee nyekundu na upite.